Wembe wa Kukunja: Vyombo vya Kwanza vya Mtu Anayejifunza Kujinyoa

Wahenga walisema, "Kinyozi hajinyoi." Maana yake ni kuwa mtu huwahitaji wenzake hata katika kazi aijuayo vema. Walakini wako wanaume, wa mashamba na wa miji, wapendao kujinyoa wenyewe nyumbani kwa wembe wa kukunja, yaani ule wembe mrefu wa makali wazi uliotumiwa na vinyozi wa zamani, ambao hujificha ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Somo hili ni la mtu wa namna hiyo ambaye bado hajanunua kitu. Yafaa alisome kabla ya kutoa fedha yake, kwa sababu katika jambo hili makosa mengi hufanyika dukani, wala si mbele ya kioo.

WEMBE HUU NI WA NAMNA GANI

Hadi mwanzo wa karne ya 20 karibu kila mwanamume wa Ulaya na Marekani aliyenyoa ndevu alizinyoa kwa wembe wa namna hii, au alinyolewa nao na kinyozi. Mwaka 1901 Mmarekani aliyeitwa King C. Gillette alianzisha kampuni yake, na mwaka 1904 akapewa hati ya kulinda uvumbuzi wake: wembe mwembamba wa bapa, utiwao katika kishikio na kutupwa ukiisha makali. Wembe mdogo uuzwao katika kila duka la kijijini, uliofungwa katika karatasi, ni mtoto wa uvumbuzi huo. Wembe wa kukunja ukarudi nyuma, lakini haukufa. Mji wa Solingen katika Ujerumani na mji wa Thiers katika Ufaransa bado ina mafundi wa kuutengeneza.

Sifa za wembe huu ni mbili. Kwanza, hautupwi, ukitunzwa huweza kumtumikia mtu miaka mingi, na hata kurithiwa na mwanawe. Pili, hauhitaji umeme, kwa hiyo hauna habari na taa zinapozimika. Upungufu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: wembe huu haujitunzi. Mwenye wembe wa kutupa hununua makali mapya, lakini mwenye wembe wa kukunja hana budi kuyafanya makali yake mwenyewe au kumpata mtu wa kumfanyia.

Sehemu zake ni chache, na msomaji azishike kwa majina. Makali ni upande ukatao. Mgongo ni upande wa pili, ulio mnene. Ncha ni mwisho wa mbele. Shingo ni mahali pashikwapo kwa vidole, na mkia ni kile kipande kilichopindika nyuma, ambapo kidole cha mwisho hutulia. Mpini ni vipande viwili vya plastiki, vya mti au vya pembe, vinavyoufunika wembe ukikunjwa.

Mgongo una kazi ambayo wengi hawaijui. Wembe ulazwapo juu ya jiwe la kunolea, mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja. Basi unene wa mgongo ndio upimao pembe ya makali, nayo kwa kawaida ni nyuzi 15 mpaka 18 hivi. Mnoaji hana haja ya kuikisia pembe hiyo kwa jicho. Amekwisha kupewa na fundi aliyeufua wembe. Mtu akilifahamu jambo hili moja, ataelewa kwa nini wembe hauwezi kunolewa kama panga.

SWALI LA KWANZA: UTANOLEWA WAPI?

Mulot ni mji mdogo wa soko katika mpaka wa Kaunti za Bomet na Narok, karibu na mto Amala, kwenye barabara itokayo Narok kwenda Bomet. Upande wa juu, kuelekea Bomet na Kericho, ni nchi ya chai. Upande wa chini ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Watu wa sehemu hizi wazijua sana silaha za kukata. Mkulima wa chai anajua kuwa kisu butu cha kupogolea hupasua tawi badala ya kulikata, na kwamba jeraha lililopasuka hukawia kupona. Ngozi ya uso ni vivyo hivyo. Wembe mkali hupita juu yake kimya. Wembe butu huzivuta ndevu, hukwaruza ngozi, na humfanya mtu akandamize mkono, na hapo ndipo ajikatapo.

Fikiri, basi, kijana mmoja wa Mulot aliyeuza maziwa akapata akiba. Ameona wembe wa kukunja wenye mpini wa kung'aa, naye anataka kuununua. Mzee aliye karibu naye amwuliza, "Mwanangu, wembe huu ukikosa makali utaunoa wapi?" Kijana ajibu, "Mzee, si kuna mtu anoaye mapanga pale sokoni?" Kwa jibu hilo wembe umekwisha kufa kabla haujanunuliwa.

Sababu yake ni hii. Chuma cha wembe hutiwa moto, huzimishwa, kisha hupashwa tena kwa kadiri, ili kiwe kigumu bila kuvunjika kama kioo. Gurudumu la kunolea huzunguka kwa kasi na kuzaa joto. Panga ni nene na joto hilo halilidhuru sana, lakini makali ya wembe ni membamba kuliko karatasi, nayo hupata joto kwa nukta chache tu. Chuma kikigeuka rangi ya samawati, ugumu wake umetoka, wala haurudi kwa kunoa. Tena gurudumu huharibu ile pembe iliyowekwa na mgongo. Jiwe la mtoni nalo halifai: chembe zake ni kubwa, na uso wake haukunyooka.

Kwa hiyo mtu asichague wembe kwa uzuri wake. Auchague kwa namna atakavyoweza kuutunza. Ziko njia mbili zilizo wazi, na kila mtu apime hali yake.

NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni wembe wa kutiwa kipande. Umbo lake ni la wembe wa kukunja, lakini makali yake ni nusu ya wembe wa bapa, ambayo hutolewa na kutupwa baada ya kutumika. Vinyozi wengi wautumia. Wembe wa bapa huvunjwa katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, ili vidole visidhurike, kisha nusu moja hutiwa mahali pake. Njia hii haitaki jiwe wala ukanda. Ubaya wake ni kwamba kipande hicho ni chepesi na kikali mno, nacho hakisamehe. Mkono ukikosea kidogo, damu hutoka. Hata hivyo, kwa mtu asiye na jiwe wala mnoaji, ndiyo njia ya busara.

Njia ya pili ni wembe wa kudumu, wenye makali yake wenyewe. Huu una uzito, na uzito wake humsaidia mwanafunzi, kwa kuwa wembe hujiendea wenyewe bila kukandamizwa. Lakini wembe huu hudai ukanda kila siku ya kunyoa, na jiwe kila baada ya miezi kadhaa. Mtu asiyekubali deni hilo asiuchukue.

KUCHAGUA WEMBE WA KUDUMU

Upana wa wembe hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Ziko nyembe za sehemu 4 kati ya 8, na ziko zipitazo 7. Mwanafunzi achukue wembe wa sehemu 5 au 6, yaani milimita 16 au 19 hivi. Mwembamba zaidi hujaa povu upesi, na mpana zaidi ni mgumu kuongoza chini ya pua.

Ncha na iwe ya mviringo. Ziko nyembe zenye ncha ya pembe kali kama ya patasi. Hizo zafaa kwa mkono uliozoea kuchonga mipaka ya ndevu, lakini mwanafunzi hujichoma nazo sikioni na pembeni mwa mdomo.

Ubavu wa wembe huweza kuwa umechimbwa sana, umechimbwa kiasi, au haukuchimbwa. Uliochimbwa sana ni mwepesi na huonyesha upesi kosa la mkono. Usiochimbwa ni mzito kama shoka dogo, na huchukua muda mrefu kunoa. Uliochimbwa kiasi au kamili wafaa kwa kuanzia.

Chuma ni cha namna mbili. Chuma cha kawaida cha pua hunoleka kwa urahisi lakini hushika kutu. Chuma kisichoshika kutu huvumilia unyevu lakini hutaka saburi juu ya jiwe. Katika nchi ya mvua nyingi kama Kericho na Bomet, mtu msahaulifu achukue cha pili. Mtu mwangalifu aweza kuchukua chochote.

Mnunuzi ajihadhari na vitu vyenye sura ya wembe ambavyo si wembe. Huuzwa kwa bei ndogo, pengine vikiwa na marembo mengi na mpini wa rangi, lakini chuma chake ni laini, wala hakishiki makali hata kikinolewa mchana kutwa. Rahisi huvunja upishi. Jina la mji wa Solingen likipigwa juu ya wembe linalindwa na sheria ya Ujerumani. Hata hivyo, mnunuzi atazame pia uaminifu wa muuzaji, kwa sababu jina huweza kughushiwa. Na aulize neno moja: je, wembe huu umenolewa tayari kwa kunyolea? Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na makali ya kukata karatasi, si ya kunyoa uso. Mwanafunzi aliyepewa wembe wa namna hiyo hudhani kuwa ujinga ni wake, kumbe kosa ni la makali. Ni heri aongeze fedha kidogo apate ulionolewa na mtu anayeijua kazi hiyo.

WEMBE WA ZAMANI

Pengine mtu huupata wembe wa kale katika kasha la babu yake, au katika mitumba. Nyembe hizo nyingine ni njema kuliko mpya, ila zitazamwe hivi. Kutu iliyo juu ya mgongo ni kitu kidogo. Kutu iliyochimba vishimo penye makali ni maradhi yasiyoponyeka. Makali yatazamwe katika mwanga: yakiwa na ufa, hata mdogo kama unywele, wembe huo uachwe. Yakiwa yamebonyea katikati kama tabasamu iliyogeuzwa, yamenolewa vibaya, na kuyanyosha ni kazi ya fundi. Mgongo ulinganishwe pande zote mbili. Ukiwa umelika upande mmoja zaidi, pembe imepotea. Mwisho wembe ukunjwe polepole: makali yaingie katikati ya mpini bila kugusa ubavu wowote.

UKANDA

Wembe wa kudumu usio na ukanda ni kisu tu. Mtu anaponyoa, makali membamba hupindika kidogo hapa na pale. Ukanda wa ngozi huyanyosha tena na kuyalainisha. Haupunguzi chuma kama jiwe. Hurudisha tu kilichopotoka.

Ukanda mzuri ni wa ngozi nyororo, yenye unene ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na isiyopakwa rangi. Upana wa sentimita 6 mpaka 7 na nusu watosha, na urefu wa sentimita 40 au zaidi. Nyingine huwa na kitambaa kigumu cha turubai au kitani upande wa pili, nacho hutangulia ngozi. Mshipi wa suruali haufai, kwa kuwa ni mwembamba, una mishono, na aghalabu umepakwa rangi inayopasuka. Lakini mahali penye ng'ombe hapakosi ngozi. Mtu aweza kumwomba fundi wa viatu amkatie kipande kilichonyooka cha ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome, kama yale ya miwati. Aendaye Nairobi aweza kutazama katika soko la Kariokor, linalojulikana kwa kazi za ngozi.

Mwanafunzi asinunue ukanda wa thamani kubwa hapo mwanzo. Karibu kila mtu huukata ukanda wake wa kwanza, kwa sababu mkono haujajua kugeuza. Kanuni ni hii: wembe huvutwa mgongo ukitangulia na makali yakifuata; mwisho wa ukanda wembe hugeuzwa juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali; kisha hurudishwa vivyo hivyo. Ukanda ukazwe, wembe ulale kabisa, na mkono uwe mwepesi. Mara 20 au 30 juu ya kitambaa, na mara 40 au 50 juu ya ngozi, zatosha kabla ya kunyoa. Mwendo wa haraka hauongezi makali. Huongeza makosa tu.

JIWE LA KUNOLEA

Itafika siku ambapo ukanda hautatosha. Mtu atajua kwa dalili: ndevu zavutwa badala ya kukatwa, na uso wawaka baada ya kunyoa. Hapo jiwe lahitajika. Mawe ya wembe hupewa namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zake zilivyo ndogo. Jiwe la namba 1,000 hujenga makali yaliyoharibika. Jiwe la namba 8,000 hurudisha makali yaliyochoka, na la namba 12,000 huyalainisha zaidi.

Mwanafunzi asinunue mawe yote. Asiyeharibu wembe wake hana haja ya lile la 1,000. Jiwe moja la namba 8,000 au 12,000, lililonyooka kabisa, litautunza wembe ulionunuliwa ukiwa tayari. Wako pia watumiao ukanda wa pili uliopakwa dawa ya kijani iitwayo oksidi ya kromiamu. Dawa hiyo huweza kuchelewesha kazi ya jiwe, lakini haiondoi haja yake.

Makali yasijaribiwe kwa kidole gumba kama makali ya shoka. Njia salama ni kuupitisha wembe juu ya malaika ya mkono bila kugusa ngozi. Vikikatika vinywele hivyo, wembe u tayari.

MAJI, SABUNI NA BRASHI

Yuko methali nyingine ambayo kila mtu aijua: "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Katika somo hili methali hiyo ichukuliwe kama ilivyo. Chombo cha kwanza cha kunyolea ni maji, nacho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa hufura na kulainika, na wembe huukata kwa nguvu ndogo sana. Uso uoshwe kwa maji ya moto kiasi, au ufunikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa dakika 2 au 3. Mwenye haraka hukata muda huo, kisha huulipa kwa damu.

Sabuni ya kunyolea ni bora kuliko ya kuogea, kwa sababu povu lake ni zito na halikauki upesi. Brashi husimamisha ndevu na kusambaza povu. Ya nywele za nguruwe, ya nywele za farasi, au ya nyuzi za kiwandani, zote zafaa. Asiyetaka kugusa nguruwe kwa sababu ya dini achukue ya nyuzi. Kadhalika mtu awe na shabu, lile jiwe jeupe linaloumauma, ambalo likiloweshwa na kupitishwa juu ya kijeraha hukomesha damu ndogo.

MAFUTA YA KUZUIA KUTU

Baada ya kunyoa, wembe usuuzwe, ufutwe kwa kitambaa laini kuanzia mgongoni kuelekea makali, kisha uachwe wazi ukauke kabla ya kukunjwa. Mahali pa kuuweka pasiwe chumba cha kuogea. Kama hautatumika kwa siku kadhaa, upakwe tone la mafuta. Mafuta ya cherehani yatosha. Wajapani hutumia mafuta ya mbegu za mti uitwao kamelia, ambao ni ndugu wa karibu wa mchai unaofunika vilima vya Kericho. Hata jina la kitaalamu la mchai ni Camellia sinensis.

WEMBE NI WA MTU MMOJA

Kunyoa si jambo geni katika sehemu hizi. Kwa Wamaasai, majirani wa Mulot, mama humnyoa mwanawe moran nywele zake ndefu katika sherehe ya eunoto. Lakini wembe uliopita juu ya ngozi ya mtu huyu, kisha ukapita juu ya ngozi ya yule, hubeba damu hata isiyoonekana kwa macho. Tangu UKIMWI ulipogunduliwa nchini Kenya mwaka 1984, walimu wa afya wamefundisha kwamba kila mtu na awe na wembe wake. Homa ya ini ya aina ya B nayo huambukizwa kwa damu, na virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Hapa wembe wa kudumu una hatari yake ya pekee. Kuuchemsha huharibu mpini wa mti au wa pembe, na dawa ya klorini hula chuma. Kufuta kwa spiriti ni kuzuri kwa mwenye wembe, lakini kusichukuliwe kuwa ruhusa ya kuazimana. Basi wembe wa kudumu usiazimwe, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Na mtu aendaye kwa kinyozi wa wembe ataze kwa macho yake kipande kipya kikitolewa katika karatasi. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Kinyozi mwema hufurahi kuonyesha.

Nyumbani wembe uwekwe juu, mahali pasipofikiwa na watoto. Methali ya "Mtoto akililia wembe, mpe" ni ya mtu mkaidi asiyesikia maonyo. Si kanuni ya kulea watoto.

VIPELE VYA NDEVU

Watu wenye nywele za kujipinda, wakiwemo Waafrika wengi, hupatwa na vipele vya ndevu. Unywele uliokatwa kwa karibu sana hupinda na kurudi kuichoma ngozi, nayo huvimba. Wembe ulio mkali mno, ukivutwa kinyume cha ndevu na ngozi ikiwa imenyoshwa sana, huzidisha maradhi hayo. Mwenye vipele vichache anyoe kufuata ndevu zinakoelekea, mara moja tu, asitafute ulaini wa shavu la mtoto. Mwenye vipele vingi, au vyenye usaha, aache wembe, atumie mashine inayobakiza ndevu kidogo, na amwone mganga wa hospitali. Mtu kama huyo hapungukiwi na chochote kwa kutonunua wembe. Ameokoa fedha na uso wake.

KUIGAWA FEDHA NA KUANZA

Aliyekwisha kuamua kuchukua wembe wa kudumu aigawe fedha yake mafungu 10. Mafungu 5 yawe ya wembe ulionolewa tayari. Mafungu 2 yawe ya ukanda. Fungu 1 liwe la sabuni, brashi na shabu. Mafungu 2 yaliyobaki yasiguswe; ni ya jiwe, au ya kuupeleka wembe kwa mnoaji siku makali yatakapochoka. Mtu anayemaliza mafungu yote 10 kwa wembe peke yake, baada ya miezi michache atakuwa na pambo la ukutani.

Juma la kwanza anyoe mashavu tu, na kwingine kote atumie wembe wake wa siku zote. Mgongo wa wembe uinuliwe kidogo kutoka ngozini, kama nyuzi 30, na mwendo uwe wa kushuka, kamwe si wa kando kama msumeno. Kidevu, mdomo wa juu na kikoromeo vingoje mpaka mkono utulie, labda baada ya mwezi. Na wembe ukiponyoka, uachwe uanguke. Makali yaliyovunjika hupata fundi, lakini mshipa wa kidole uliokatwa kwa kuudaka wembe ni habari nyingine.

Basi yule kijana wa Mulot, kama ni mwenye busara, atarudi kwa yule mzee akiwa na jibu jipya: "Mzee, ukanda ninao, fedha ya jiwe nimeiweka, na wembe huu hautagusa uso wa mtu mwingine." Asipoweza kusema maneno hayo matatu, na aanze kwa wembe wa kutiwa kipande, tena bila haya. Uso hauulizi wembe uligharimu kiasi gani. Huuliza tu kama ni mkali na kama ni safi.